Duka la kubadilishana sidii za gemu nyuma ya soko, Mtwara: mwaka mmoja kwa 95,000

Mimi ni karani wa mizani kwenye ghala la korosho. Hela yangu ina msimu. Minada ikianza Oktoba mfuko unapumua, ikifika Machi nahesabu nauli ya daladala ya kutoka Mikindani kwenda mjini. Natanguliza hilo ili mjue anayelisifia duka hili si mtu mwenye hela za kuchezea, ingawa hela zenyewe kweli nazitumia kuchezea.

Msimu wa juzi niliagiza sidii mpya ya mpira kutoka Dar. 165,000, na 5,000 ya kuipakia kwenye basi. Mama watoto alikuwa anakuna nazi, akauliza bila kuinua kichwa: "Hiyo ni kilo ngapi za mchele?" Sikujibu. Mwaka haujaisha likatoka toleo jipya, na ile yangu nikaitembeza kwa elfu hamsini, hakuna aliyeigusa.

Ndipo nikaelekezwa hapa. Duka halina bango. Mbele wanauza kava za simu na chaja, ukivuka pazia unakuta rafu ya sidii za PS4, yaani mashine ya gemu ya PlayStation 4, chache za PS3, na boksi la PS2 lililosahaulika chini. Unaleta sidii yako, wanaikagua, unaondoka na nyingine. Zikiwa daraja moja unaongeza 10,000, ukitaka kubwa zaidi 20,000. Kama huna cha kubadilisha, unanunua. Mimi nilianza na gemu ya mpira, FIFA 23 iliyotumika, 45,000.

Najua mtasema hiyo imezeeka. Sawa. Lakini ndiyo ya mwisho yenye jina hilo: EA, kampuni inayoitengeneza, na shirikisho la FIFA waliachana, kuanzia 2023 mpira wa EA unaitwa EA Sports FC, na Septemba mwaka huohuo zile za zamani zikaondolewa kwenye maduka ya mtandaoni. Hata uwe na kadi ya benki na intaneti ya kupaa, FIFA 23 ya PS4 utaitafuta kwenye sidii tu. Humo ndani Messi, Neymar na Mbappé bado wako PSG. Mwanangu analalamika kwamba wachezaji wamehama, mimi namwambia kwangu hawajahama, na nimewapata kwa chini ya theluthi ya bei.

Kinachonirudisha pale hasa ni macho ya kijana wa dukani. Sidii anaishika kwa kingo, kidole kimoja kwenye tundu, anawasha tochi ya simu na kuilaza pembeni mpaka mikwaruzo yote isimame. Zile nyembamba kama unywele anazipita. Akifika kwenye mkwaruzo mmoja anapitisha ukucha taratibu. "Hapa ukucha unakwama, kaka. Siipokei." Siku hiyo sidii ilikuwa yangu, nikanuna. Akanieleza kwa subira: sidii za zamani za muziki, data iko juu karibu na lebo, chini yake kuna plastiki ya milimita 1.2. DVD za PS2 iko katikati, milimita 0.6. Za PS4 ni Blu-ray, na data imefunikwa na milimita 0.1 tu. Kwa hiyo ile elimu yetu ya kusugulia dawa ya meno, iliyookoa sidii nyingi enzi zile, kwenye PS4 ni kuchimba kaburi. Nilikaa kimya. Nyumbani nina moja niliyoisugua mwenyewe, na hadi leo inanukia minti na haisomi. Kufuta pia kuna namna yake: kitambaa laini, kutoka katikati kwenda nje, usizungushe.

Akimaliza anaiweka kwenye mashine ya dukani na hakupi mpaka gemu ifike kwenye menyu. Na hapohapo ndipo waliponikosea. Nilichukua Red Dead Redemption 2, ambayo kwa PS4 inakuja na sidii mbili, moja ya data ya kuingizia gemu na nyingine ya kuchezea. Nikafika Mikindani, chai iko tayari, mlango nimefunga, nafungua kasha nakuta ya data peke yake. Ya kuchezea ilibaki ndani ya mashine yao, walipokuwa wanaijaribu! Kesho yake daladala tena, kwenda na kurudi. Nauli hakunirudishia, alinipa soda ya baridi na kuomba radhi. Tangu siku ile nafungua kasha palepale kaunta, na nanyi fungueni. Risiti pia hawatoi mpaka uombe, wakitoa ni karatasi ya daftari.

Wana waifai ya kushushia masasisho: unaacha mashine usiku, 3,000. Niliitumia mara moja kwa eFootball, ile gemu ya mpira ya kampuni ya Konami ambayo tangu 2021 ni ya bure na lazima uishushe. Kabla ya hapo nilijaribu kwa bando la simu, na hiyo "bure" ikanimalizia bando la mwezi kabla haijafika nusu. Huduma ni nzuri, ila mashine za watu wanazipanga sakafuni mlangoni, na vumbi la mtaa ule mnalijua. Leteni kitambaa cha kufunikia.

Mwenzangu wa ghalani alikuja na PS5, kifua mbele, tukaenda naye. Kumbe ni ile Digital, haina mahali pa kutia sidii. Akashika chaja moja, akauliza bei, tukaondoka.

Kwa mwaka nimezungusha mara nne: Red Dead kwa 20,000, kisha Spider-Man, kisha Uncharted 4, kila moja 10,000. Ya nne mwanangu alidai FIFA yake irudi. Tukaikuta ileile rafuni, niliijua kwa kibandiko alichokibandika kwenye kasha, nikalipa 10,000 kuikomboa. Ukijumlisha na ile 45,000 ya mwanzo inakuja 95,000, na sidii bado ninayo mkononi. Mama watoto nilimpigia hesabu hiyo kwa kilo za mchele. Hakucheka, ila hakuuliza tena.

Wanafungua kama saa tatu asubuhi, Ijumaa mchana wanafunga kwa swala. Mkiona God of War pale rafuni, hiyo iacheni, nimeshaiwekea 5,000 ya kuishikilia mpaka msimu uanze.