Kelele iko Nakuru, waranti iko Nairobi

Kama nyota sifuri ingeruhusiwa, hawa watu ningewapa sifuri. Nimesema watu, sikusema mashine. Mashine nitaifikia, na huenda nikaisifu, lakini acheni kwanza nitoe ya moyoni.

Nina karakana Nakuru, upande wa Kaptembwa. Kazi yangu ni milango, vitanda na makabati ya jikoni. Mbao nyingi ni saipresi ya Elburgon na Molo, na mkaratusi mteja akitaka kitu kigumu. Mwishoni mwa mwaka jana nilijikaza nikanunua randa ya umeme iliyoundwa Taiwan, ile inayonyoosha mbao juu na kuipunguza unene chini. Muuzaji yuko Nairobi, na jina lake nimeliacha makusudi. Nguvu ya mota na upana wa meza sitaviandika, hayo yako kila mahali. Shida yangu mimi ni kelele.

Randa ya umeme hupiga kelele, hilo halihitaji fundi. Visu vinazunguka maelfu ya mara kwa dakika, vinachapa hewa, mbao inalia. Ukishafanya kazi nayo kwa muda, masikio yanazoea: unajua ikibeba mbao nene inasemaje, ikiwa tupu inasemaje, visu vikianza kuwa butu inasemaje. Yangu ilianza vizuri kabisa. Halafu, baada ya wiki chache, chini ya ule mlio wa kawaida kukaingia mkwaruzo upande wa puli, lile gurudumu linalovutwa na mkanda wa mota, kama mtu anasaga kokoto. Ukiweka kiganja kwenye chuma unausikia mpaka kiwikoni. Mbao nazo zikaanza kutoka na mawimbi madogo ambayo huyaoni mpaka upake vanishi. Ukishapaka yanajitokeza yote kwa pamoja, na mteja amesimama hapo hapo anauliza mbona mlango umefanya hivi.

Nikapiga simu Nairobi.

Kijana aliyepokea alianza kwa adabu, habari mzee, za Nakuru, mvua je. Nikamweleza yote: mkwaruzo, upande, mawimbi. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mzee, hiyo ni sauti ya kawaida ya mashine. Labda wewe umezoea randa ya mkono."

Nikamwambia arudie. Akarudia, na safari hii alikuwa anacheka, na nyuma yake nikasikia mwenzake naye anacheka.

Sikilizeni. Hii kazi nimeianza nikiwa kijana wa kufagia vumbi kwenye kiwanda cha mbao Elburgon, miaka mingi kabla serikali haijasimamisha ukataji wa miti kwenye misitu yake mwaka wa 2018. Nimelisha mbao kwenye mashine zenye umri wa kumpita babake. Randa ya mkono ninayo pia, iko kwenye sanduku, wala siionei aibu. Kuna kona za mlango ambazo hakuna mashine itazifikia. Lakini kuambiwa eti siwezi kutofautisha kelele ya kazi na kelele ya ugonjwa, tena na mtu ambaye hajawahi kung'oa kibanzi kidoleni! Nilikata simu kabla sijatoa neno baya mbele ya vijana wangu. Labda alikuwa amechoka siku hiyo. Labda asubuhi yote alikuwa akipigiwa simu za upuuzi. Sijali.

Baadaye ukaja ujumbe: tuma video. Nikatuma. Wakajibu kwamba hawasikii kitu cha ajabu. Nikatuma nyingine, simu nimeisogeza karibu na puli. Vilevile. Nilipoicheza mwenyewe nikabaki mdomo wazi, maana hata mimi mkwaruzo sikuusikia vizuri. Simu nyingi za siku hizi huchuja kelele ya mfululizo ili sauti ya mtu isikike, kwa hiyo video ilinionyesha mimi nikilalamika kwa sauti safi mbele ya mashine iliyotulia. Sasa ushahidi wa kelele utaupelekaje kwa kitu kilichoundwa kuzima kelele? Nikawaambia watume fundi. Sawa, fundi atakuja, nauli na malazi juu yangu, na akikuta mashine ni nzima nilipie na saa zake. Nani anaamua kama ni nzima? Yeye mwenyewe.

Kisha wakaja na jipya: stima. Eti stima ya Nakuru ni dhaifu, mota inakosa nguvu, ndiyo maana inanguruma. Hapo nikajua hawajui, au hawataki kujua. Kelele inayoletwa na umeme hufa papo hapo ukizima swichi. Yangu ilikuwa ikiendelea baada ya kuzima, inakwaruza na kupungua polepole pamoja na visu mpaka visimame. Hicho ni kitu kinachozunguka, si waya. Na mita ilisoma volti 238 mashine ikiwa kazini. Nikaipiga picha nikawatumia. Tiki mbili za buluu, kimya.

Ndipo nikawaandikia wenye kiwanda. Anwani ya barua pepe iko nyuma ya kijitabu cha maelekezo, kwa herufi ndogo ndogo. Wako Taichung, ambako mashine nyingi za mbao za Taiwan huundwa, na wametutangulia kwa saa tano, kwa hiyo ukiandika baada ya chakula cha mchana wao wanafunga ofisi. Tena barua yangu ikawakuta kwenye sikukuu za mwaka mpya wao. Kimya tena. Nikasema basi, ni walewale.

Hawakuwa walewale. Kiingereza kilikuwa cha kuungaunga, lakini aliyejibu alikuwa ameisoma barua yangu. Aliuliza: ukitoa mkanda na kuwasha mota peke yake, kelele ipo? Ukizungusha kichwa cha visu kwa mkono, kinazunguka laini? Kelele iko upande gani? Hayo maswali Nairobi hakuna aliyewahi kuniuliza. Hata moja.

Nikamwita fundi mmoja anayetengeneza mashine za kusaga unga hapa mtaani, kwa sababu watu wa posho mill wanazijua beringi, zile pete zenye gololi ndani zinazobeba kitu kinachozunguka, kuliko mtu yeyote. Tukatoa mkanda, tukawasha mota: inavuma laini. Mota ikaondolewa lawama, na stima pamoja nayo. Tukazima, plagi ikatolewa ukutani, fundi akashika puli ya kichwa cha visu akaizungusha kwa vidole, taratibu, amefumba macho. Akaniita nishike. Ilikuwa inazunguka kwa kusitasita, tk, tk, tk. Akarudisha mkanda, akawasha, akachukua bisibisi ndefu; ncha akaisimika kwenye nyumba ya beringi ya upande wa mbali, mpini akaubana kwenye mfupa wa nyuma ya sikio. Hakuna kitu. Akahamia upande wa puli, uso ukakunjamana. "Mzee, hii ilikufa kitambo."

Nikawaandikia Taichung. Jibu halikuchelewa: ni beringi, fungua, ruhusa unayo, tunatuma mbili mpya kupitia kwa muuzaji wako. Nakala ya barua wakampelekea muuzaji.

Ikalia simu. Hakuwa yule kijana, alikuwa mkubwa wake, na habari ya mashine hakuiuliza. "Mzee, kwa nini umeturuka?" Eti kuna utaratibu. Utaratibu upi, wa kuchekwa? Akaongeza kwamba skrubu ya nyumba ya beringi imebandikwa stika, na stika ikikatika waranti imekufa, Taiwan waseme watakalosema, kwa sababu waranti ya Kenya ni yao wao.

Milango ya mteja wa Njoro ilikuwa inangoja. Stika ikakatika.

Tulipoivuta ile beringi niliiweka juu ya gazeti nikaipangusa kwa mafuta taa. Mpira wa kuziba wa upande wa ndani ulikuwa umekunjika ukingoni, na kupitia hapo vumbi la saipresi lilikuwa limeingia mpaka kwenye grisi na kushikana nayo, limekuwa tope la kahawia. Gololi kadhaa hazikuwa na mng'ao tena. Njia zinamopita ilikuwa na vidonda vidogo, huvioni vizuri lakini ukipitisha ukucha unavisikia. Fundi anasema iligongwa kwa nyundo siku ya kufungwa. Siwezi kuapa, ila mpira haujikunji wenyewe.

Sasa kinachoniuma ni hiki. Ubavuni imechongwa 6205-2RS. Namba hiyo ni ya dunia nzima: tundu milimita 25, upana wa nje 52, unene 15, na hiyo 2RS ni kwamba imezibwa kwa mpira pande zote mbili. Niliingia duka la spea hapa mjini nikaitaja namba tu, nikapewa, na moja haifiki elfu. Nilichukua mbili, nikakagua maandishi kwanza kwa sababu bandia zimejaa. Fundi akaziingiza kwa kipande cha bomba kilichokaa kwenye pete ya ndani peke yake, ile ya nje hakuigonga kabisa, na kabla ya saa saba mchana mashine ilikuwa inafanya kazi. Yaani zile simu, video, mita na vicheko, vyote vilikuwa juu ya kitu cha shilingi mia kadhaa ambacho wangeweza kukitia kwenye bahasha siku ya kwanza.

Na mashine? Jamani. Naandika nikiwa na hasira lakini siwezi kuinyima haki yake. Saipresi yenye mafundo inaingia na kutoka imenyooka, vanishi inakaa, vijana wanagombania nani alishe. Nyota tano. Hapana, nne, kwa ajili ya huyo aliyeshika nyundo. Wale wa Taichung tano zao ni halali. Ukiniuliza asubuhi kama ningeinunua tena, nitakwambia ndiyo, inunue. Ukiniuliza jioni, nikikumbuka kile kicheko cha pili kule nyuma ya simu, nitakwambia tafuta kuukuu hapa hapa Nakuru, isiyo na waranti, angalau hakuna atakayekucheka.

Halafu wameniwasha upya. Beringi za Taiwan zimefika Nairobi. Wanataka niende nizichukue mwenyewe, nilipe gharama ya kuzitoa uwanja wa ndege, na nitie sahihi fomu inayosema mashine imetengenezwa chini ya waranti na mteja ameridhika. Ameridhika! Mpwa wangu anasomea sheria, na anasema madai yasiyozidi milioni moja yana korti yake, ambayo sheria imeipa siku 60 kuamua kesi, kwa hiyo nidai malipo ya fundi na siku ambazo karakana ililala. Nimemwambia angoje kidogo. Kwa sasa nimewajibu hivi: watie beringi kwenye gari la vifurushi, nauli nitalipa mimi nikizipokea hapa steji ya Nakuru. Fomu wabaki nayo.