Kufuatilia Squid (proksi ya intaneti) ya ofisi: Prometheus na Loki, au GoAccess inatosha?

Kwa gharama, GoAccess, programu ya kuchambua logi, inashinda mapema. Inasoma `/var/log/squid/access.log` moja kwa moja ukiipa `--log-format=SQUID`, na kompyuta ileile ya proksi inatosha. Prometheus (hukusanya vipimo), Loki (hukusanya logi) na Grafana (huchora grafu) huhitaji mashine ya pembeni, au angalau RAM ya ziada.

Lakini GoAccess haikuamshi usiku. Prometheus inaona `file descriptors` (nafasi za faili na miunganisho ambazo Squid inaweza kufungua kwa pamoja) zikikaribia kuisha kabla kurasa hazijaanza kugoma, nayo hutuma onyo kupitia Alertmanager, programu yake ya kusambaza maonyo. Ili ipate namba hizo, weka `squid-exporter`, programu ndogo inayoipa Prometheus takwimu za Squid (bandari 9301), na uhakikishe `squid.conf` ina `http_access allow localhost manager` juu ya `http_access deny manager` (`manager` ni sehemu ya takwimu za ndani za Squid). Mpangilio ukigeuka, grafu zitabaki tupu na Squid itaendelea kufanya kazi kama kawaida. Ndiyo maana kosa hili huchelewa kuonekana.

Kwenye Loki, usifanye IP ya mteja kuwa lebo (alama ya kupanga logi). Kila IP huzaa mkondo wake wa logi, RAM inajaa. Iache ndani ya mstari, uitafute kwa maneno.

Umeme wa Bukavu ukikatika ghafla, Prometheus huanza kwa kusoma upya WAL (faili za data ya karibuni zilizoandikwa kwenye diski), subira kidogo. Faili la logi halina shida hiyo, ila bila logrotate (programu inayozungusha na kufuta logi za zamani) litajaza diski. Prometheus hufuta yenyewe data iliyopita siku 15, usipobadilisha.

Saiba moja yenye fundi anayepita Jumamosi: GoAccess. Matawi Goma na Lubumbashi, wateja wanaolipa: Prometheus.