TAHADHARI wenye Spacio, IST, Raum na Probox hapa Tanga: ukiambiwa "koili zimekufa zote nne" funga boneti uondoke

Jamani watu wa Tanga, hasa nyie wenye hizi injini za 1NZ, someni hii kabla hamjaenda kununua koili za plagi (zile zinazoipa plagi moto) huko Ngamiani. Jina la duka sitaji na ni barabara ya ngapi sisemi, nyie shikeni mchezo wenyewe unavyochezwa maana nina uhakika sio mimi peke yangu niliyepigwa.

Ilianza nampeleka mama mkwe Soni. Tumeshaacha Mombo tunaanza kupanda, gari ikaanza kumisi, inatetemeka kama mtu mwenye homa, nakanyaga mafuta haiendi, na ile taa ya injini kwenye dashibodi ikawa inawaka inazima inawaka inazima. Mama mkwe akaniuliza "baba, mbona gari inakohoa?" nikamwambia ni mafuta tu ya sheli yana maji, uongo mtupu lakini ningemwambia nini. Tukapanda hivyo hivyo na gia ya L mpaka tukafika. Na hapo nilikosea, nimekuja kuambiwa baadaye kwamba ile taa ikiwa inapepesa ujue petroli isiyoungua inashuka kwenye ekzosi na inaenda kuunguza masega (kile kisafisha moshi cha ndani ya ekzosi), na bei ya masega mnaijua, kwahiyo ukiona inapepesa punguza mafuta tafuta pa kusimama, usilazimishe mlima.

Kurudi Tanga nikaelekezwa kwa kijana mmoja ana duka la spea na fundi wake yuko hapo hapo nje. Fundi akachomoa koili zote nne akazipanga juu ya gazeti, akatoa mita, akaiweka kwenye ohm, akagusa pini na pini. Mita ikaandika 1. "Unaona braza? Haisomi, imekufa hii." Ya pili, 1. Ya tatu, 1. Ya nne, 1. Mimi nimesimama hapo natoa macho kama nasomewa majibu ya hospitali, na mita si unaiona kwa macho yako, utabisha nini.

Bei 55,000 kwa moja, zote 220,000, tukavutana mpaka 200,000. Eti mtumba wa Japani, Denso orijino, kontena limeingia juzi. Nikaomba risiti, mashine ya EFD haina mtandao. Nikataka kulipa kwa simu, nikapewa namba ambayo jina lililotokea ni la mwanamke, "ni dada yangu braza, laini yangu ina shida". Hapo ndio nilitakiwa nishtuke ila kichwani nilikuwa nawaza tu kumfuata mama mkwe Jumapili. Koili zangu za zamani akasema "hizo acha tu, chuma chakavu, ntakutupia". Nikaziacha na asante juu.

Siku tatu gari tamu. Siku ya nne nipo Kange pale stendi, ile ile. Kutetemeka, taa, harufu ya petroli.

Nikampigia simu kijana, "lete gari braza labda na plagi zimekufa, seti ni 80,000". Hapo sasa ndio akili ikanirudia, nikaenda kwa mzee mmoja Makorora ambaye gereji yake haina hata kibao. Nikamwamkia, nikamweleza yote, akanisikiliza mpaka mwisho halafu akacheka. Akasema "mwanangu, na mita ukaiamini?" Akaingia ndani akatoka na koili mpya kabisa ya mteja mwingine, iko kwenye boksi haijawahi kufungwa kwenye gari, akaweka mita kwenye ohm akagusa pini zile zile. Ikaandika 1.

Yaani iko hivi. Koili za zamani zenye pini 2 unaweza kuzipima ohm, ndani ni waya tu umezungushwa, upande mmoja unasoma ohm chache sana na upande wa plagi unasoma maelfu. Lakini hizi zetu zina pini 4, moja ya umeme wa betri, moja ya ati, moja inapokea amri kutoka kontroli boksi na ya nne inarudisha taarifa kwamba moto umepigwa. Ndani yake kuna saketi ya elektroniki imekaa katikati, ile waya mita haiifikii. Kwahiyo hata koili nzima kabisa inaweza kukuandikia 1 na yule fundi anajua hilo vizuri sana, ndio maana anakuita uje uone. Kwenye soketi yake unachoweza kupima kwa mita ni kama umeme unafika, unachomoa soketi, unawasha swichi bila kupiga stata, unapima pini ya umeme na ya ati, lazima upate kama volti 12. Umeme usipofika hapo unaweza kununua koili mia na gari itamisi tu.

Mzee yeye alipima bila mita kabisa. Akachomeka mashine ya kusoma makosa ya injini, ikasoma kodi P0302, maana yake anayemisi ni silinda namba 2 (namba 1 ni ile ya upande wa fenibelti, unahesabu kutoka hapo). Akazima gari, akafungua bolti namba 10, moja moja tu kila koili, akachukua koili ya 2 akaiweka 3 na ya 3 akaiweka 2, akafuta ile kodi kwenye mashine, akaniambia nizunguke mpaka Chuda nirudi. Nimerudi kasoma tena: P0302. Akasema koili ingekuwa mbovu ugonjwa ungeifuata kule namba 3, ingesoma P0303. Umebaki pale pale kwahiyo mgonjwa yumo kwenye shimo lile lile, ni plagi, au nozeli, au kompresheni. Hata kama huna mashine unaweza kuhamisha na kusikiliza, au ukachomoa soketi ya koili moja moja, injini imezimwa wakati unachomoa, halafu unawasha: ukichomoa nzima injini itazidi kuchechemea, ukichomoa ya silinda iliyokufa haibadiliki kitu. Usiiache ikaunguruma hivyo muda mrefu, kisa masega yale yale.

Akafungua plagi ya 2. Shimo limejaa oili! Mipira ya tapeti kava (kile kifuniko cha juu ya injini) imekakamaa, oili inachuruzika mle taratibu, na plagi yenyewe ile kaure nyeupe ina ufa mwembamba na mstari mweusi ambapo moto ulikuwa unakimbilia pembeni badala ya kwenda kuruka chini. Zile siku tatu tamu ni kwa sababu yule fundi alifuta shimo kwa tambara. Aliiona ile oili! Aliifuta kwa mkono wake na hakusema neno. Mpaka leo hiyo ndio inaniuma kuliko laki mbili.

Mipira na plagi nne na ufundi, 115,000, na gari ikatulia ukiweka glasi ya maji juu ya injini haimwagiki. Koili nilizouziwa mzee akazipitishia kitambaa chenye petroli, stika ya Denso ikatoka na kitambaa, chini yake plastiki imepauka imechubuka. Sio mbovu, zinafanya kazi, ila ni kuukuu zimeoshwa. Ya kweli ya 1NZ maandishi na namba vimekaa kwenye mwili wake, namba ya Toyota ni 90919-02240, haifutiki kwa petroli.

Sasa sikilizeni hii. Mimi mwaka jana nilipobadilisha plagi nilichukua rangi ya kucha ya mke wangu, nyekundu, nikaweka nukta kwenye kila koili nisizichanganye, ya kwanza nukta 1, ya pili nukta 2, hivyo hivyo mpaka nne. Wiki iliyopita jirani yangu hapa Sahare ana Probox ya abiria inakwenda Muheza, ananionyesha koili kanunua, duka lile lile, orijino ya kontena, 50,000. Nikaigeuza. Chini ya soketi, nukta tatu nyekundu.

Nikamuita mke wangu aje athibitishe rangi yake. Akathibitisha na akataka kujua kwanini ilikuwa inaisha haraka, hiyo ni kesi nyingine.

Tulienda wote wawili dukani. Kijana kwanza kakataa, halafu akasema fundi alichanganya, halafu akasema mali ikishatoka hairudi. Watu wakaanza kujaa, akamrudishia jirani hela yake yote, mimi nikapata 90,000 na koili yangu ya nukta mbili ambayo ilikuwa kwenye kabati la kioo, imeshabandikwa stika. Hela iliyobaki anasema mwisho wa mwezi, nasubiri. Sisi tunasema Tanga waja leo waondoka leo, koili za kwake zinaondoka asubuhi jioni zimerudi na stika.

Ya nukta 1 na ya nukta 4 bado hazijaonekana. Kama wewe uliyesoma hapa umenunua koili karibuni, geuza uangalie chini ya soketi. Ukikuta rangi nyekundu usinirudishie, ni nzima hiyo haijawahi kunisumbua, ila usikubali kwamba imekuja na kontena, imetoka kwenye Spacio yangu.