TAHADHARI: Anayewauzia Waswahili wa Marekani "Joe Penner" wa bati ni tapeli

Ndugu zangu mlioko Marekani na Kanada, hasa mnaonunua vitu vya kale na kuviuza tena, kuna mtu anazunguka kwenye makundi yetu ya WhatsApp akiuza mwanasesere wa bati wa mchekeshaji Joe Penner, wa kutia ufunguo. Anadai ni wa mwaka 1934, mzima, haujawahi kufunguliwa, na una boksi lake. Msimtumie hela. Mimi ni fundi saa, na watu wasiojuana wameniletea wanasesere waliouziwa naye. Wote wamechakachuliwa kwa namna ileile.

Jina analotumia silitaji kwa sababu analibadilisha, na picha ya wasifu pia. Asichokibadilisha ni hadithi, kwa hiyo ishikeni hadithi.

Anaanza kwa shikamoo. Kiswahili chake kizuri, anauliza hali za wazazi nyumbani, hana haraka. Halafu anaeleza kwamba anahudumia wazee majumbani, kazi ambayo wengi wetu huku tumeifanya au bado tunaifanya, na kwamba mzee wa Kimarekani aliyemuuguza kwa miaka alimwachia mwanasesere huyo kabla ya kufariki. Anatuma picha safi sana. Bei anayomtajia "ndugu yake" ni dola 380. Mwisho anaweka sharti: usimwonyeshe mtu wa duka la vitu vya kale, usiweke picha hadharani, maana watoto wa marehemu wakisikia atafukuzwa kazi.

Mtego wenyewe ni sharti hilo. Ukishalikubali, umejifungia milango yote ambayo ingekuokoa. Huulizi bei sokoni, huombi risiti, humwiti anayejua akutazamie. Na siku ukigundua umelizwa, unaogopa kulalamika kwa kuwa umeshaaminishwa kwamba ulinunua kitu cha kuficha. Baba mmoja mtu mzima, mwenye heshima zake, alikaa kimya muda mrefu kwa hofu hiyo tu. Alinijia kwa sababu mwanasesere alikuwa amekwama, akaomba nimtengenezee. Hakuja kushtaki.

Na kuna watu wengine wanaoumizwa hapa ambao hawajanunua chochote. Mashirika mengi ya huduma za majumbani yanakataza wahudumu wake kupokea zawadi za thamani kutoka kwa wagonjwa. Dada zetu na mama zetu wanaokesha na wazee wa watu wanaijua hofu ya kusingiziwa wizi kila kijiko kinapopotea. Huyu bwana anachukua jasho lao na kuligeuza chambo, na kila anayeisikia hadithi yake anaanza kuwatazama wahudumu kwa jicho la shaka. Hilo ndilo lililonifanya niandike leo badala ya kusubiri.

Sasa niwaeleze kitu chenyewe, kwa sababu mwenye kukijua hauziwi picha.

Joe Penner alizaliwa mwaka 1904 katika himaya ya Austria na Hungaria, katika mji ambao leo uko Serbia na unaitwa Zrenjanin. Aliletwa Marekani akiwa mtoto, akakulia jukwaani kwenye maonyesho ya vichekesho ya enzi hizo, kisha mwaka 1933 redio ikamfanya ajulikane nchi nzima. Kauli yake ilikuwa moja, akiitoa kwa sauti ya kuburuta: "Unataka kununua bata?" Bata wake aliitwa Goo-Goo. Umaarufu ulipopamba moto, kampuni ya Louis Marx ya New York, iliyoanzishwa mwaka 1919 na kuwa miongoni mwa watengenezaji wakubwa kabisa wa vitu vya watoto duniani, ikatoa mwanasesere wake. Ni wa bati, kimo chake kama sentimita 20, ameshika bata mkono mmoja na kikapu cha bata mkono wa pili. Ukimtia ufunguo anajikokota mbele, kofia inainuka na kushuka na sigara inachezacheza. Penner mwenyewe alifariki Januari 1941, akiwa na umri wa miaka 36 tu. Ni kitu kizuri, kina uhai wa ajabu ukikiona kikitembea, na wakusanyaji wanakitafuta kweli. Tapeli hakuchagua kitu cha kubuni. Kachagua cha kweli ambacho wengi wetu hatujawahi kukishika.

Wanasesere wa Marx walichapwa rangi kwenye bamba la bati likiwa bado bapa, ndipo likakatwa na kukunjwa. Vipande vinashikana kwa vilimi vidogo vya bati vinavyopenya kwenye tundu na kupindwa. Kwa hiyo cha kwanza kutazama ni vilimi. Kilimi kilichopindwa mara moja kiwandani kinalala kimetulia. Kilichofunguliwa na kurudishwa kina ufa kwenye kona, rangi imebanduka, mara nyingine kimekatika na kuzibwa kwa gundi. Wote nilioletewa walikuwa wamefunguliwa. Mmoja, nilipomfungua mimi, nilikuta mashine imefungiwa skrubu za kichwa cha msalaba. Skrubu za aina hiyo, zinazoitwa Phillips, zilipata hataza, yaani haki ya mvumbuzi, mwaka 1936, kwa hiyo haziwezi kuwa zilitoka kiwandani ndani ya kitu cha 1934. Kutengenezwa si dhambi, kazi yangu ni hiyo na ninaiheshimu. Lakini ukitengeneza useme, na bei ishuke. Kuapa kwamba hakijaguswa ni wizi.

Kofia ndiyo kipande kinachopotea haraka kwa sababu inacheza, na wenye nia mbaya huikata upya kwenye bati la kisasa. Ichukue chini ya kioo cha kukuzia. Zile nilizoziona zilikuwa zimevikwa karatasi ya gundi iliyochapwa kwa printa: ukikuza unaona vinukta vya rangi vimesambaa, na ukingo wa karatasi unanyanyuka ukiukwaruza kwa ukucha. Rangi ya kiwandani iko juu ya bati lenyewe, haina ukingo wa kunyanyua.

Boksi ni aibu zaidi. Limepakwa chai ili lionekane kuukuu, na chini ya taa ya mwanga wa urujuanimno (UV) linang'aa buluu, kwa sababu karatasi ya kisasa ina kemikali za kuifanya iwe nyeupe ambazo zilienea baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Taa hizo ndogo zinauzwa kwa bei ya chakula cha mchana. Na hata bila taa, soma anwani. Boksi la mmoja wao lilikuwa na msimbo wa posta wa tarakimu tano baada ya neno New York. Misimbo hiyo ilianza Marekani mwaka 1963. Aliyelichapa alinakili kutoka boksi la miaka ya baadaye, akafikiri hakuna atakayesoma.

Nembo ya Marx, yaani duara lenye herufi MAR na X kubwa ikipita nyuma yake, isiwatulize. Ipo kwenye mwili wa kweli, na tapeli anautumia mwili huo wa kweli, uliochakaa, kubeba vipande vya uongo. Ndiyo maana picha yake ya karibu kabisa huwa ni ya nembo.

Kuhusu picha kwa ujumla, zile anazotuma si za mzigo anaouleta. Nililinganisha mikwaruzo ya usoni na haikufanana hata kidogo. Muombeni video fupi, mwanasesere akitiwa ufunguo na kutembea, kando yake karatasi yenye jina lako na tarehe ya siku hiyo kwa mwandiko wa mkono. Mwenye mali anaitoa kwa dakika chache. Huyu aliwajibu walioomba kwamba wanamvunjia heshima, kisha akawafungia.

Malipo anayataka kwa njia za papo hapo au PayPal ya kutumiana marafiki na familia. Njia hiyo ya marafiki haina ulinzi wa mnunuzi, na anajua. Ukisema utalipa kama mnunuzi wa bidhaa anasema makato yatamla. Makato ni kidogo sana ukilinganisha na dola 380. Mwambie utayabeba wewe, usikie atakachosema.

Kwa aliyekwisha kununua: usione haya, na usiogope. Kama hadithi ya marehemu ni ya uongo, na sijaona chochote cha kuithibitisha, basi huna mali ya mtu, una ushahidi. Usitupe boksi wala lebo ya posta. Piga picha mazungumzo yote kabla hajayafuta. Kama ulilipa kwa kadi ya mkopo, iandikie benki ukipinga malipo. Sheria ya Marekani inakupa siku 60 kuanzia taarifa ya kwanza ya kadi yenye malipo hayo, kwa hiyo usingoje ahadi zake za "wiki ijayo". Peleka malalamiko FTC, tume ya serikali ya Marekani inayolinda wanunuzi, na kitengo cha FBI cha uhalifu wa intaneti, IC3. Kama mzigo ulipita posta ya serikali, wapelekee pia wapelelezi wa posta, kwa sababu kutumia posta kutapeli ni kosa la shirikisho, na hao wanalishughulikia. Asiyejiamini kwa Kiingereza cha fomu aombe mtoto wa shule amsaidie, au anitafute ndani ya kundi nimjazie.

Na msidhani ameishia kwa Penner. Tangu jana anasambaza picha ya mwanasesere wa mchekeshaji Charlie Chaplin, wa Schuco, kampuni ya Nuremberg, Ujerumani, kwa hadithi ileile ya marehemu mzee. Yule wa kweli amevaa nguo za kitambaa juu ya mwili wa bati, ana viatu vizito vya chuma na fimbo anayoizungusha. Sijaushika anaouza, lakini boksi pichani lina doa la chai upande uleule. Atakayetumiwa tangazo hilo asimjibu kwa matusi akamshtua. Ahifadhi namba, ahifadhi picha, avipeleke kwa msimamizi wa kundi lake, na ninawaomba wasimamizi mnitumie ili viunganishwe kwenye lalamiko moja.