TAHADHARI: Jamaa wa "vivuli vya bei nafuu" vya uani na maegesho, Dar es Salaam

Ndugu zangu wa Dar, hasa mlioko Kigamboni, Mbagala na Chanika: kama kuna mtu amewatumia picha za kivuli cha neti kwa Sh 850,000, vifaa na ufundi humo humo, usafiri bure, nawaomba msome hapa kabla hamjatuma advansi.

Nilikuwa namtafutia mama kivuli cha uani, Kigamboni. Nyumba yake inapigwa na jua la mchana wote, ndani hakukaliki, kwa hiyo yeye hutandika mkeka nje, akachambua mboga huku akiwaangalia wajukuu. Mwembe tulioupanda bado unanifika kiunoni. Nikaona matangazo ya huyu jamaa Instagram, tukahamia WhatsApp. Ana lugha nzuri mno. "Kama ni ya mama, dada yangu, nakufanyia kitu cha kudumu." Mita 3 kwa 5, bomba za mraba za inchi mbili, neti ya kuzuia jua asilimia 90, waranti ya miaka 5. Akataka asilimia 70 kwanza, ya kununulia vifaa.

Nilipoingiza namba yake, jina lililotokea kwenye simu kabla sijaweka PIN halikuwa la biashara wala lile aliloniambia. Nikamuuliza, akasema ni la mhasibu wake. Nikatuma. Nawaambia hili bila kuficha kwa sababu hapo ndipo ningeweza kusimama.

Mafundi walikuja Jumamosi nikiwa kazini, na bomba zilifika zimeshapakwa rangi. Nilirudi jioni kivuli kimesimama, kimependeza, mama ameshahamishia mkeka wake chini yake. Usiku uleule nikamalizia pesa yote. Ilikuwa Mei.

Julai upepo wa kusi ukakaza, kama unavyokaza kila mwaka. Alasiri moja mama ameingia ndani kuswali, watoto wamemfuata kuomba maji, nguzo mbili za upande wa baharini zikang'oka na fremu nzima ikaanguka juu ya mkeka. Hakuna aliyeumia, alhamdulillah. Lakini dakika kumi nyuma walikuwa wamekaa pale wanne, na hilo bado linaninyima usingizi.

Fundi wa kuchomelea wa mtaani kwetu alipokuja kubomoa ndiye aliyenifumbua macho. Mashimo hayakufika futi moja, na kile nilichodhani ni zege kilikuwa mchanga wenye saruji kidogo, hakuna hata kokoto moja. Kwa ardhi yetu ya kichanga fundi anasema yeye hachimbi shimo pungufu ya futi mbili na nusu. Halafu akakata bomba akaniwekea mkononi: ukuta wake milimita 1.2, wakati jamaa aliniahidi milimita 2. Kwa macho huwezi kujua, kwani kwa nje zote ni inchi mbili. Mzani ndio unaosema kweli. Bomba ya mraba ya milimita 50 yenye urefu wa mita 6, ikiwa na unene wa milimita 2, ina uzito wa karibu kilo 18. Ya milimita 1.2 ni kama kilo 11 tu. Ndiyo maana zililetwa zimeshapakwa rangi, ncha zimezibwa na kuchomelewa.

Neti nayo ilikuwa ya kitalu cha miche. Ukiinua uso unaliona jua lenyewe. Kateni kipande cha mita moja kwa mita moja mkipime kwenye mzani wa jikoni: neti nzuri ya kukalia watu huanzia kama gramu 180, na hizi za miche nyingi hazifiki hata 100. Kama haina dawa ya kuhimili miale ya jua, plastiki yake inakauka na kuanza kukatika vipande kama karatasi iliyoungua. Yetu ilishaanza kufumuka kwenye kona baada ya wiki saba.

Nilipomlalamikia, hakukana. Alinijibu kwa upole kabisa niongeze laki mbili aje atandike turubai juu ya neti. Msikubali hilo hata kidogo. Neti inapitisha upepo, turubai linaubeba wote kama tanga la jahazi. Na likitandikwa bila mteremko, mvua ya milimita 20 tu juu ya mita za mraba 15 ni lita 300, yaani kilo 300 zinaning'inia juu ya vichwa vya watu. Nilipokataa, akaniblock. Waranti ilikuwa ya mdomo, risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi) sikupewa, na zile picha za kazi zake nilizitafuta mtandaoni nikazikuta kwenye kurasa za wauzaji wa nje ya nchi, miaka kabla.

Sasa hivi ukurasa una jina jingine, picha ni zilezile. Ukimpata, mwombe akupeleke ukaione kazi moja aliyoifunga Dar mwaka jana, uongee na mwenye nyumba. Mimi sikumwomba. Bomba zije hazijapakwa rangi, mzipime pale pale kabla hazijashushwa zote, na mashimo mtu wa nyumbani ayaone yakiwa wazi kabla ya zege kumwagwa. Pesa itoke kwa hatua, na sehemu nzuri ibaki mkononi mwako mpaka neti ifungwe na upepo wa siku kadhaa upite.

Namba yake nimeshaituma TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kupitia namba 15040 pamoja na ujumbe wake, na nimemweleza mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Kuna dada wa Mbagala ameniandikia jana, kivuli chake cha gari kimepinda kwa namna hiyo hiyo. Kama nawe umelizwa, usifute meseji wala muamala, na usivitupe vipande vya bomba. Niandikie inboksi, Jumatatu asubuhi tunakwenda kituoni kuandika maelezo kwa pamoja.