Desktopu tano za Linux na matoleo ya majaribio kwenye laptopu moja ya giga 4: ipi imebaki, ipi nimefuta

Wakuu, niwaambie kwanza mashine yenyewe msije mkanishambulia baadae. Ni laptopu yuzd, i5 ya kizazi cha nne, RAM giga 4, hadi diski ile ya kuzunguka nilishaitoa nikaweka SSD ya giga 240. Mchana inakaa steshenari, anaitumia mdogo wangu wa kike pale kaunta, kuprinti, kuskani, kujazia watu fomu za mtandaoni, usiku ikirudi nyumbani inakuwa ya kwangu na hapo ndo matatizo yanapoanzia. Kwa hiyo hii riviu sio ya mtu mwenye mashine ya giga 32 anajaribu vitu kwa raha zake, ni ya mtu ambaye akiharibu saa sita usiku basi saa mbili asubuhi kuna mteja kasimama na flashi mkononi anataka CV yake.

Na flashi ndo sababu tulihamia Linux. Mnazijua flashi za wateja, imepita kila intaneti kafe ya mji huu, unaichomeka unakuta shotikati tupu, folda za mtu zimefichwa na kirusi. Kwenye Linux ile programu ya kirusi haina pa kushika, na mafaili yaliyofichwa unayaona yamekaa pale pale. Mteja anadhani umemfanyia uchawi kumbe hujafanya kitu.

Kwa wasiojua, Linux sio kama Windows kwamba ukipewa sura ndo hiyo hiyo mpaka kufa. Mfumo wa chini ni kitu kimoja, sura ya juu, ndo tunaita desktopu, yaani menyu, paneli, madirisha, ile programu ya mafaili, ni kitu kingine na zipo nyingi. KDE ilianzishwa 1996, GNOME ikafuata 1997, na hizo nyingine nyingi zimezaliwa kwa watu kukasirikiana. Mfano GNOME 3 ilipotoka 2011 ikabadilisha kila kitu, waliochukia wakachukua ile GNOME 2 ya zamani wakaendelea nayo wakaiita MATE, na jamaa wa Linux Mint wakatengeneza Cinnamon yao. Mi napenda sana hii tabia, hamtaki kodi ya mwenye nyumba mnahama na mabati yenu.

Sasa kosa langu la kwanza. Ukiwa unainstoli Debian (aina mojawapo ya Linux, kama hiyo Mint) kuna sehemu inakuuliza unataka desktopu gani na inakuruhusu kutiki zaidi ya moja. Mi nikatiki GNOME, KDE Plasma, Xfce na LXQt, nikajiona mjanja, kwamba nitakuwa nachagua tu pale kwenye kuingiza paswedi. Ni kweli unachagua. Ila menyu ikawa kama kabati la bibi, programu za mafaili nne, teminali (dirisha la kuandikia amri) nne, za kutazama picha sijui ngapi, ukibadilisha rangi za KDE ukirudi GNOME maandishi mengine hayasomeki, halafu kila upande una pochi yake ya kutunzia paswedi so ile ya waifai niliyoweka usiku upande mmoja asubuhi upande wa pili unaiomba upya. Mdogo wangu akanipigia, "Kaka, leo umeweka nini tena? Mteja ananiangalia hapa." Nikafuta zote nikaanza upya. Kama unataka kuonja onja, tumia flashi ya Ventoy, unakopi mafaili ya ISO (faili moja lenye Linux nzima) humo hata matano, ukibuti inakupa orodha unachagua, unatembea nayo bila kugusa diski. Na ukishaipenda moja itafutie patisheni yake (kipande chake cha diski), au angalau akaunti nyingine ya kuingilia, usichanganye mchele na njugu kwenye gunia moja.

Haya, tuje kwenye zenyewe.

GNOME nilikaa nayo wiki tatu hivi na nitasema ukweli, ni nzuri. Yaani kwa mtu wa laptopu ambaye hana mausi, vidole vitatu kwenye tachipadi unahama kutoka uwanja mmoja kwenda mwingine laini kabisa, ukibonyeza kitufe cha Windows unaona kila kilichofunguliwa. Lakini hii ni desktopu ya mtu anayefanya kazi moja kwa utulivu. Pale kaunta hakuna utulivu. Haina aikoni kwenye uso wa skrini, haina batani ya kushusha dirisha chini mpaka ukaiwashe mwenyewe kwa programu nyingine, na paneli ya chini inayoonyesha vilivyofunguliwa haipo, inabidi uweke ekstensheni, yaani kiongezo kidogo. Na ekstensheni ndo hivyo, kila moja imeandikiwa toleo lake la GNOME, na GNOME inatoa toleo jipya kila miezi sita, Machi na Septemba, so ukipandisha toleo unaweza kukuta nusu ya ekstensheni zako zimezimwa zinasubiri mwenyewe aziandike upya. Kwenye Debian ya kawaida hili halikusumbui sana maana toleo linaganda miaka miwili, ila kwenye testing, toleo lao la majaribio nitakalolieleza chini, utaonja. Na giga 4? Ikiwaka tu kabla hujafungua kitu kwangu ilikuwa imeshakula zaidi ya giga moja, ukifungua Firefox na tabo nane na LibreOffice juu yake unaanza kusikia ukimya ule wa mashine inayofikiria.

KDE Plasma ndo ilinishangaza. Nilikuwa na picha ya zamani kichwani kwamba KDE ni nzito, na historia ipo, KDE 4.0 ya 2008 watu waliilaani mpaka leo wanakumbushiana. Sasa hivi sio hivyo, kwenye mashine yangu ilikula chini ya GNOME. Ina kila kitu, halafu ina kingine, halafu settingi zina settingi ndani. Mi nimepoteza usiku mzima nahamisha saa kutoka kulia kwenda katikati. Kilichonifurahisha ni KDE Connect, unaunganisha simu na laptopu kwa waifai moja, dokumenti iliyokuja WhatsApp unaituma kwenye laptopu bila waya, hiyo pale steshenari ni dhahabu (na habari njema unaweza kuitumia hata ukiwa desktopu nyingine). Kilichotukera kilikuwa kidogo mpaka aibu. Debian 12 ilikuja na Plasma 5.27, na humo ukibonyeza faili mara moja tu linafunguka. Mdogo wangu kakulia Windows, anabonyeza mara mbili, kwa hiyo kila PDF inafunguka mara mbili, mteja mmoja tumemprintia kurasa alizoshalipia halafu tukamprintia tena. Settingi ya kubadilisha ipo lakini sikuijua siku ile. Plasma 6 iliyotoka Februari 28, 2024 wameligeuza, kubonyeza mara mbili ndo imekuwa kawaida, na Debian 13 ya Agosti 2025 inakuja na Plasma 6.3, so anayeanza leo hatapata hii shida. Ukiwa na giga 8 usisikilize mtu, chukua hii.

LXQt sina mengi. Nyepesi kuliko zote nilizogusa, ilizaliwa kwa miradi miwili kuungana, LXDE na Razor-qt. Inawaka haraka, inafanya kazi, lakini vitu vidogo vidogo unavitafuta mwenyewe. Kwa giga 2 ndo mkombozi. Cinnamon nayo niliijaribu kwa flashi ya Linux Mint tu, na kama unamhamisha mzazi au bosi kutoka Windows mpe hiyo, atakuuliza maswali mawili halafu atanyamaza.

Xfce. Hii ndo ile yenye nembo ya panya. Ukiiona mara ya kwanza unaona kama kitu cha 2009, na kweli hawana haraka, toleo la 4.18 lilitoka Desemba 15, 2022 na la 4.20 likatoka Desemba 15, 2024, miaka miwili kamili siku ile ile. Lakini huu ubovu ndo uzuri wake, alichojifunza mdogo wangu mwaka juzi bado kipo pale pale alipokiacha. Paneli nimeishusha chini, menyu ya Whisker kushoto, aikoni za printa na skana usoni, basi. RAM inabaki ya kutosha kwa kazi. Lawama yangu moja, ukingo wa dirisha ni mwembamba kama uzi wa buibui, kuushika kwa mausi uvute dirisha lipanuke unaweza kuzeeka. Dawa yake shikilia Alt halafu vuta kwa batani ya kulia ya mausi popote ndani ya dirisha. Nimeijua hii baada ya miezi, natamani ningeambiwa mapema.

Sasa matoleo ya majaribio, maana huko ndo nimeungulia.

Debian wana ngazi tatu, stable, testing na unstable. Unstable jina lake ni Sid siku zote, wamempa jina la yule mtoto wa jirani kwenye Toy Story anayevunja midoli, so usiseme hukuonywa. Paketi (programu iliyofungwa tayari kuinstoliwa) mpya inaingia Sid kwanza, ikikaa siku kadhaa, kati ya mbili na kumi, bila kuonekana na bagi (hitilafu) kubwa ndo inashuka testing. Mi kwa kiherehere nikaruka testing nikaenda Sid moja kwa moja, mwezi wa nne 2024. Wanaojua wanacheka tayari. Kipindi hicho Debian walikuwa wanahamisha namna ya kuhesabu saa, kwa sababu hesabu ya zamani ya biti 32 inaishia Januari 2038, na kuhama huko kulifanya maktaba nyingi (vipande vinavyotumiwa na programu nyingi kwa pamoja) zibadilishwe majina, zikaongezewa t64 mwishoni, hata kwetu wenye mashine za biti 64 ambao hiyo shida hatukuwa nayo. Nusu ya paketi zimeshapata jina jipya nusu bado. Nikaandika apt full-upgrade, amri ya kupandisha mfumo mzima, ikaniletea orodha ndefu ya vitakavyofutwa, na mimi nikabonyeza Y. Orodha sikuisoma. Desktopu yangu ilikuwemo humo. Nikawasha tena nikapokewa na skrini nyeusi na maandishi meupe.

Lawama ni zangu, iliniuliza na nikakubali. Ila nilijifunza Ctrl+Alt+F3 inakupa teminali hata kama sura imekufa, na amri ya nmcli inaunganisha waifai bila batani yoyote. Desktopu ikakataa kurudi kwa siku kadhaa mpaka paketi zikapatana. Hiyo wiki steshenari ilienda kwa flashi ya Xfce, hakuna mteja aliyejua.

Na mwezi huo huo ulikuwa na joto jingine. Machi 29 ndo ilikuwa imetangazwa kwamba xz, kale kaprogramu ka kubana mafaili, matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 yamepandikizwa mlango wa nyuma wa kuingilia kwa SSH, ile njia ya kuingia kwenye kompyuta ukiwa mbali. Ulikuwa umeshafika Sid na testing na pia Fedora Rawhide (tawi la majaribio la Linux ya Fedora), na Ubuntu, Linux nyingine, wakasogeza beta ya 24.04 wiki moja mbele ili wajenge upya kila kitu. Debian stable haikuguswa. Lakini aliyekamata mwizi, Andres Freund, alikuwa anafanyia majaribio yake ya PostgreSQL (programu ya kuhifadhi data) kwenye Sid hiyo hiyo, akaona SSH inachelewa kama nusu sekunde akaanza kuchimba. Kwa hiyo nikisikia mtu anasema matoleo ya majaribio ni ya watu wasio na kazi namwambia aisee bila wao huo mlango ungefika kwenye seva za kila mtu.

Baada ya hapo nilitulia testing, sio Sid, kwenye patisheni ya giga 40 pembeni. Miezi mingi haina tofauti na stable. Usumbufu wake ni bando, apdeti zinakuja kama mvua ya masika, sio poa kama unanunua giga kwa kupima, na marekebisho ya usalama saa nyingine yanachelewa kufika testing kuliko stable, hilo wengi hawalijui wanadhani kipya ndo salama zaidi.

La mwisho kuonja ni COSMIC ya System76, wale wauza kompyuta wa Denver, Marekani. Zamani walikuwa wanairemba GNOME, wakachoka, wakaandika desktopu yao nzima kwa lugha ya programu ya Rust. Alfa ya kwanza Agosti 2024, beta Septemba 2025, toleo kamili Desemba 2025 pamoja na Linux yao ya Pop!_OS 24.04. Mi nilitumia ile beta kwa flashi. Kitu kimoja tu kimenikaa kichwani, kuna swichi pale juu ukiiwasha madirisha yanajipanga yenyewe ubavu kwa ubavu, ukiizima yanarudi kuelea. Kuweka fomu ya mteja kushoto na kitambulisho chake alichoskani kulia, bila kuvuta vuta, niliona raha sana. Bado changa, vitu vya mausi na vya printa nilivyovizoea kwingine nilivikosa, lakini kwa umri wake, heshima.

Msimamo wa sasa: patisheni ya kazi ni Debian 13 na Xfce na haiguswi, paswedi ya kuinstoli vitu humo anayo mdogo wangu, mimi kaninyima. Ya pembeni nina testing na Plasma. Nikichoma humo anajua kabla sijasema, anasema nikiamka naulizia chai kwa upole.