Kabla hujanunua gemu, uliza inaseva wapi

Dakika 50. Ndizo nilizopoteza Jumamosi moja usiku kwa gemu niliyoinunua siku ilipotoka, kwa bei kamili, mimi ambaye kwa kawaida husubiri punguzo hadi watu wote wameshaisahau. Nilikuwa nimemaliza ngome nzima. Ufunguo ninao, yule mzee anayeongea kana kwamba analipwa kwa neno nimeshamvumilia mpaka mwisho. Mtoto akaamka analia. Nikabonyeza kitufe, menyu ikaja, nikaweka padi chini nikaenda. Kurudi, nakuta mhusika wangu ameuawa na kiumbe aliyekuwa akijipitia zake. Menyu ile ilikuwa pambo tu, dunia ilikuwa inaendelea nyuma yake. Na mara ya mwisho gemu ilikuwa imeseva, yaani kuhifadhi nilipofika, pale mlangoni, kabla sijaingia ngomeni.

Sitaji jina lake. Ina mashabiki wengi na mimi nina usingizi ninaodaiwa.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba nilifanya utafiti. Nilisoma tathmini tano na kutazama video mbili ndefu. Nikaambiwa kuhusu mwanga unavyocheza juu ya maji, kuhusu muziki, kuhusu ukubwa wa ramani. Hakuna hata mmoja aliyesema kuwa gemu haisimami na kwamba inaseva pale inapojisikia. Nadhani najua sababu. Anayetathmini gemu anakaa nayo kutwa kwa sababu ndiyo kazi yake. Mimi nina dakika 25 hapa, 40 pale, na moyo mwepesi wa kuitwa.

Kwa hiyo katika orodha hii usitafute habari za michoro wala fremu kwa sekunde. Nimezipanga gemu nilizocheza miezi hii kwa maswali mawili tu. La kwanza: nikitakiwa kuinuka sasa hivi, itasimama? La pili: nikizima kabisa, nikirudi nitajikuta wapi? Watu huyachanganya, lakini ni mambo mawili. Kuna gemu inayosimama vizuri sana lakini ukizima umeliwa, na kuna inayoseva kila ukipumua lakini haisimami hata nyumba iwake moto.

Namba moja naipa The Legend of Zelda: Tears of the Kingdom, ya 2023. Niseme mapema kabla sijaumbuliwa: mimi ni mtu wa Nintendo, kampuni iliyoitengeneza. Wengine wana timu ya mpira, mimi nina hawa. Lakini katika hili wana historia. Zelda ya kwanza ilipoingia Marekani mwaka 1987, kaseti yake ilikuwa na betri ndani ya kutunza pale ulipofika. Metroid, iliyoingia huko mwaka huo huo, ilikupa nywila ya herufi 24 uandike kwenye karatasi. Ukosee moja tu, au mtu aitumie karatasi kufungia kitu, basi. Hao hao Nintendo, najua, lakini nachagua kukumbuka ile yenye betri.

Katika Tears of the Kingdom unafungua menyu, unaseva, unaondoka. Karibu popote. Juu ya visiwa vinavyoelea angani, chini kule gizani, katikati ya ukuta wa mlima huku mvua inanyesha na Link, mhusika unayemcheza, anateleza kama amepakwa mafuta. Na ukisahau, yenyewe ina tabia ya kuseva kimyakimya njiani. Nimeicheza vipande vipande, kuna siku dakika nane tu, na sijawahi kurudia kitu kwa sababu ya kuitwa. Silaha zinavunjika mno, hilo nakubali. Nimeshakubali, tuendelee.

Kwa haki, Celeste ya 2018 ndiyo ilistahili kukaa juu, na kama orodha ingekuwa ya mtu mwingine ingekaa. Ni gemu ya binti anayeitwa Madeline anayepanda mlima, na mlima mzima umegawanywa katika vyumba vidogo vya ukubwa wa skrini moja au zaidi kidogo. Ukifa, na utakufa mara mia kadhaa, unarudi mwanzo wa chumba kile kile papo hapo. Ukizima, unarudi chumba kile kile. Hasara kubwa kabisa unayoweza kupata ni ya sekunde chache. Na kama vidole vimegoma, kuna mpangilio wa msaada unaokuruhusu kupunguza mwendo wa gemu au kumfanya Madeline asife kabisa, bila kukusimanga. Wanaosema Celeste ni ngumu wanasema kweli, lakini ni ngumu inayoheshimu muda wako, na ndiyo ngumu pekee niliyo na nafasi nayo.

Balatro, ya Februari 2024, ni ya tatu. Ni karata za poka zilizopotoshwa na karata 150 za jokari, kila moja na ujanja wake. Mpinzani wako ni jumla ya pointi tu, hakuna mtu mbele yako, kwa hiyo hakuna cha kusimamisha. Ukiweka padi chini, karata zinakungoja hata wiki. Ukitoka katikati ya mzunguko unarudi mzunguko ule ule. Hatari yake ni kinyume cha zote hapa: inakuruhusu kuondoka wakati wowote, wewe ndiye huondoki. Slay the Spire iko kwenye kundi hilo pia. Yenyewe ukitoka katikati ya pambano inakurudisha mwanzo wa pambano hilo, na wajanja wanatumia hilo kufuta makosa yao. Mimi? Nisiulizwe.

Hades na Hades II zinakaa pamoja, na hapa nataka kwenda polepole kwa sababu ndizo zilizonifundisha kuuliza swali la pili. Zote mbili zinasimama barabara: bonyeza, kila kitu kinaganda, hata mshale ulioko hewani. Kuseva ndiko kwenye masharti. Safari yako imegawanyika vyumba, na gemu inakumbuka mlango ulioingilia. Ukizima katikati ya chumba, unarudi mwanzo wa chumba hicho, maadui wote wazima. Chumba kimoja ni dakika chache, kwa hiyo hasara ni ndogo, isipokuwa ukiwa kwa adui mkubwa wa mwisho wa eneo, hapo unarudia pambano lote. Baada ya wiki mbili nilizoea: nikisikia dalili za kuitwa, namaliza chumba, nachukua zawadi, nasimama mbele ya mlango unaofuata. Milango inaonyesha alama ya zawadi iliyo ndani, kwa hiyo hata uamuzi unabaki wazi kwa kesho. Hades ya kwanza ilikamilika Septemba 2020 na ya pili Septemba 2025, baada ya zaidi ya mwaka mmoja wa kuuzwa ikiwa bado inapikwa. Kama unanunua moja, anza na ya kwanza. Ya pili ina mambo mengi mikononi, uchawi wa huku na huku, na njia mbili, ya kushuka na ya kupanda.

Stardew Valley inashangaza watu nikiiweka chini ya Hades. Si ndiyo gemu ya kupumzikia? Ni kweli, shamba, kuku, samaki, majirani wenye mambo yao. Lakini inaseva pale tu mkulima wako anapolala. Siku moja ndani ya gemu ni kama dakika 14 za kwetu, na ukizima dakika ya 13 siku yote imefutika, pamoja na yule samaki uliyemhangaikia. Ukicheza peke yako, ukifungua menyu saa inasimama, hilo ni jema. Toleo la simu limerekebisha jambo hili, unatoka na kurudi ulipoachia, na ndiyo sababu naona simu ndiyo mahali pake. Mtu mmoja, Eric Barone, ndiye aliyeitengeneza peke yake hadi ilipotoka 2016, kwa hiyo ulimi wangu unakuwa mlaini kwake. Kama ingekuwa kampuni yenye wafanyakazi elfu ningesema zaidi.

Hollow Knight: Silksong nimeinunua na siijutii, lakini isinunuliwe na mtu mwenye mtoto mchanga. Inasimama vizuri. Ila ukizima unarudi kwenye benchi la mwisho ulilokaa, na mabenchi yake yamewekwa na mtu asiyetupenda. Mengine yanadai malipo ya rozari, ndizo pesa za humo, kabla hujakaa. Kuna moja, sisemi liko wapi, ambalo lenyewe ni mtego. Ulivyookota vinabaki, kinachopotea ni safari, na safari ndiyo gemu yenyewe.

Mkiani iko Elden Ring ya 2022. Hii ndiyo mfano wangu wa gemu inayoseva bila kukoma na bado haisimami. Ukitoka kwa utaratibu kupitia menyu, inakurudisha karibu na ulipokuwa. Lakini ukifungua menyu tu, dunia inaendelea, hata ukiwa umekata intaneti. Kuna ujanja: fungua begi, ingia kwenye msaada, chagua maelezo ya menyu, hapo kila kitu kinaganda. Yaani kitufe cha kusimamisha kipo, wamekificha kwenye kabati la nyaraka. Na Sekiro ya 2019, ya studio ile ile, inasimama kama gemu yoyote yenye adabu.

Gemu za bure za simu, zile za kupanga peremende na kujenga vijiji: zinaseva kila kitu, kwa sababu zinataka urudi ulipe. Za mechi za mtandaoni hazisimami na ukitoka unaadhibiwa. Basi.

Najua kuna mtu ameshaanza kuniambia, "Dada, si uilaze tu konsoli?" Nimefanya hivyo miaka. Switch ya Nintendo unabonyeza kitufe kimoja na inalala na gemu ikiwa wazi, na hii ni sababu nyingine ya timu yangu kuwa timu yangu. Steam Deck inalala hivyo hivyo. Xbox Series tangu 2020 inaweza kushika gemu kadhaa kwa wakati mmoja na kukurudisha katikati ya kila moja. Lakini kulala si kuseva. Betri inaisha. Sasisho linakuja usiku. Mtu mwingine wa nyumbani anafungua gemu yake na ya kwako inafungwa. Waulize waliocheza Returnal ilipotoka Aprili 2021: mzunguko mmoja ungeweza kukuchukua masaa, hakukuwa na namna ya kuseva katikati, na ushauri ulikuwa ni huo huo wa kulaza konsoli. Malalamiko yakawa mengi mpaka Oktoba mwaka huo ikaletwa njia ya kusitisha mzunguko na kuuendeleza baadaye. Iliwezekana siku zote, basi. Ilikosekana nia.

Sasa wauzaji. Fungua ukurasa wa gemu yoyote dukani mtandaoni. Utaambiwa itakula gigabaiti ngapi, ina lugha ngapi, ina damu kiasi gani, inahitaji kadi gani ya michoro. Utaambiwa ukilipia toleo la dhahabu utaanza siku tatu kabla ya wenzako, kana kwamba subira nayo ni bidhaa. Namna inavyoseva? Kimya. Ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia, na gunia lenyewe limepambwa trela. Steam, duka la gemu za kompyuta, angalau mwaka 2025 walianza kuonyesha sifa za ufikivu, na mojawapo inasema kama gemu inakuruhusu kuseva wakati wowote. Unaweza hata kuchuja kwa hiyo. Ila wanaojaza ni watengenezaji wenyewe, kwa hiari, kwa hiyo ukiona pako wazi hujui kama gemu haina au mtu hakujaza fomu.

Na kurudisha? Steam wanakubali ndani ya siku 14 kama hujacheza zaidi ya saa mbili. Saa mbili, katika gemu ambazo saa ya kwanza yote ni kufundishwa kutembea. Tena wakati huo tumezoea kusema "nimenunua gemu." California ililazimika kuweka sheria, inayofanya kazi tangu Januari 2025, kwamba muuzaji wa bidhaa za kidijitali akuambie wazi kuwa unachopata ni leseni. Hata hawa ninaowapenda, baadhi ya kadi za Switch 2 ndani hazina gemu, zina ufunguo tu wa kuipakua. Bei lakini inapanda kama ngazi isiyo na ghorofa ya mwisho.

Hivi ndivyo ninavyofanya siku hizi, ndani ya nusu saa ya kwanza, saa mbili zikiwa bado zinahesabika. Natafuta adui mdogo, nasimama mbele yake, nafungua menyu, nahesabu hadi 30. Nikikuta damu imepungua, najua. Kisha natembea kidogo, naokota kitu, nazima kwa nguvu bila kuaga. Nawasha tena na kuangalia niko wapi na kile kitu kipo au hakipo. Kati ya gemu nne za mwisho nilizopima hivyo nimerudisha moja, sababu nikaandika "haisimami."

Melinoë, mhusika wangu wa Hades II, nimemwacha mbele ya mlango wenye alama ya moyo tangu juzi. Bado yupo, nimeangalia asubuhi.